Salamu ya Goti la Kushoto

Sasa yule ndama, pale tulipomwachia njiani babu yako alipopiga hodi, alikuwa ameshavuka barabara na anaelekea kwenye pamba ya watu. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, huwezi kukumbuka. Wanaume wako nyuma na fimbo zao, kazi yao kupiga kelele tu. Dada yako Kashinje akatoka pale alipokuwa anachambua pamba, hana hata ndala, kipande cha muwa mkononi, akawapita wale wanaume utadhani wamepandwa pale kama miti. Akamkamata ndama sikio, akamgeuza, akarudi naye anatembea, anatafuna muwa wake. Hahemi. Nilicheka mpaka mbeleko ikalegea ukataka kuanguka. Nikawaambia wale wanaume, si alikuja duniani ametanguliza miguu huyo, ndiyo maana tukamwita Kashinje, sasa mlidhani alikuwa anawahi nini?

Hilo neno nililipenda sana. Nikalipeleka ghalani, nikamwambia kila aliyeshika kikombe changu cha chai anasubiri kupima pamba. Mpaka watu waliotoka Kasoli walirudi nalo kwao.

Nilitaka hadithi iishie hapo kwenye kicheko, mwanangu Kabula, nikusuke nywele huku tunacheka, kesho upande basi uende zako Arusha kwenye kambi ya wakimbiaji anayokupeleka Mwalimu Neema. Lakini wageni wakaingia, ukaenda kumwamkia babu, na mimi nikaona.

Umepiga goti la kushoto. Tangu uanze kujua salamu wewe unatanguliza la kulia, nimekufundisha mimi mwenyewe. Na ulipoinuka ulishika kigoda. Wenzangu wote walikuwa wanamtazama yule jogoo aliyeletwa na babu, wanasifia mkia. Mimi kutazama watu ndiyo kazi yangu ya pili baada ya mandazi. Nikakufuata jikoni nikakuuliza. Hukubisha. Ukasema la kulia linauma tangu mazoezi ya mwisho, linauma zaidi ukishuka mahali, na kwamba ukikaa kwenye basi siku nzima litapoa. Halafu ukanishika mkono wenye unga, ukasema, "Mama, ukimwambia Mwalimu Neema ananiacha, anachukua mwingine. Mara moja tu katika maisha yako, nyamaza."

Nikanyamaza. Ukadhani nimekubali. Ukanifuta unga mkononi ukatoka nje kwa wageni.

Sikukubali, mama. Nilikuwa natafuta pa kuanzia na sikupapata. Mimi ambaye nikisimama bombani ndoo za watu zinajaa na kumwagika wakinisikiliza. Sasa nimejifungia huku chumbani, nimekaa juu ya gunia, naandika. Nimewaambia natafuta vitenge vya kukufungashia. Herufi zangu zinatembea kama kuku waliofunguliwa asubuhi, darasa la nne ndiyo hilo, utavumilia. Ila nikikuambia kwa mdomo nitaanzia kwenye goti na nitaishia kwa mke wa mwenye mashine ya kusaga na lile wigi lake. Unanijua. Karatasi hainichekei, kwa hiyo hainipotezi.

Habari ya sabuni na mafuta na usilale na nguo mbichi sikuandikii. Begi umepanga mwenyewe na umepanga vizuri kuliko mimi. Mimi nakuandikia habari ya dada yako, yote, maana unaijua kwa vipande, na vile vipande umevipata kwangu, na mimi vile vyangu nilivichagua.

Mwalimu Neema alipokuja shuleni kwetu alikuwa bado msichana. Akamwona Kashinje anakimbia na wenzake, akanifuata mpaka ghalani. Akanisalimia vizuri, akakaa, akanywa chai. Akaniambia, "Mama, mtoto huyu uwezo anao mkubwa. Mbinu hana."

Nikamjibu mbinu ni za wezi, mwanangu haibi. Ghala zima likacheka. Mpima pamba akaacha mzani akacheka. Yule binti wa watu akatabasamu akaendelea kunieleza. Kwamba Kashinje anatua kwa kisigino, puu, na kila akitua goti lake linaingia ndani kidogo, linatazama goti lenzake. Kwamba mwili unayumba juu kama mzigo uliofungwa vibaya kwenye baiskeli. Kwamba sasa ni mdogo, mwili unavumilia, lakini akiongeza mbio na masafa, goti ndilo litakalolipa. Akaomba Kashinje apumzike mashindano ya mwaka ule, ajifunze kukimbia upya, taratibu.

Ajifunze kukimbia. Mimi nilisikia kama mtu anataka kumfundisha mbuzi kupanda kichuguu. Nikamwambia mwalimu, mwanangu amewaacha wanaume na fimbo zao, wewe unataka umfundishe kutembea?

Alianza hivyo hivyo kumfundisha. Jioni, uwanjani, Kashinje ananyanyua magoti juu, anapiga hatua fupi fupi, anasimama, anarudia. Nilikwenda kuona. Kesho yake nikawa na hadithi mpya ghalani. Nikapandisha kitenge, nikawaonyesha mwanangu anavyofundishwa, ananyanyua miguu kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Watu walikufa kwa kicheko. Wakawa wananiomba nirudie. Nikarudia. Mama Kashinje, hebu tuonyeshe yule kuku. Naacha mandazi yanaungua nawaonyesha yule kuku.

Siku moja Kashinje alikuwa amekuja na ndoo ya maji, mimi sina habari, niko katikati ya kuku. Aliweka ndoo chini. Jioni ile hakwenda kwa mwalimu, na kesho yake hakwenda. Alirudi kukimbia alivyokuwa anakimbia, na alikuwa anashinda, na mimi nikasema mnaona.

Kabula, mimi sikuwa namcheka dada yako. Nilikuwa naringa. Ila kuringa kwangu na kucheka kwangu vinatoka mlango mmoja, na mtoto aliyesimama nje hawezi kujua kipi ndiyo kipi. Hilo nimelijua nimechelewa. Na watu ghalani nao walikuwa wananipenda kwa sababu ya kuchekesha, si kwa sababu nyingine, na mtu akishapendwa kwa kitu kimoja anakitoa mpaka kiishe.

Sasa ile siku ya salamu.

Babu yako alikuja kama leo. Unajua nilipoolewa hapa walinisema nina mdomo. Walikaa kikao kwa ajili ya mdomo wangu. Baba yenu alinitetea, lakini na yeye alikuwa anacheka. Basi magoti yenu ndiyo yakawa utetezi wangu. Nilisema watasema nina mdomo, lakini hawatasema watoto wangu hawajafundishwa. Watu wa mjini siku hizi watoto wanainamisha kichwa tu wakapita. Ninyi mlikuwa mkimwona mkubwa, hata kama amekaa kwenye matope, mnashuka. Asubuhi mwangaluka guku kwa babu, jua likigeuka mwadila mayu kwa mama, goti chini, macho chini. Nilikuwa nasimama pembeni nasikia raha kama nimekula nyama.

Siku ile Kashinje alimwamkia babu akiwa wima. Aliinama, akashika mlango. Babu akanigeukia akaniambia, mkwe, siku hizi watoto wako wananiamkia wima kama makarani wa pamba? Watu wakacheka. Mara hiyo waliochekwa ni sisi. Nikaona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nikamwendea Kashinje, nikamwekea mkono begani, nikamshusha.

Akashuka. Goti likalia. Si kwa nguvu, ni kama mtu amevunja mti wa pamba uliokauka. Nililisikia mimi, kwa sababu nilikuwa nimemwinamia. Babu hakusikia, akapokea salamu akaendelea na habari za mvua.

Nikakuta goti limevimba, limejaa upande wa ndani. Nikalikanda kwa maji ya chumvi. Dada yako hakuniomba ninyamaze. Hapo mmetofautiana, wewe umeniomba. Yeye alikaa ananiangalia nikikanda, ananiangalia tu usoni. Nilidhani ni maumivu.

Mashindano ya mkoa yalikuwa yanakaribia na mimi nilishawatangazia watu. Ghalani kila mtu alijua, wengine walikuwa wamepanga kuja kumwona huyo aliyetanguliza miguu. Nikasema litapoa. Watoto wanavimba wanapoa. Nikamfunga kitambaa. Siku yenyewe uwanja umejaa hapa Bariadi, vumbi, ngoma, mimi nimevaa kitenge kipya. Mwalimu Neema akanifuata, alikuwa ameona anavyotembea. Akaniuliza, "Mama, mtoto ni mzima?"

Mimi, Kabula. Mimi ambaye ukiniuliza bei ya chumvi nakueleza na aliyeileta na mke aliyemwacha. Nilijibu neno moja.

"Mzima."

Alikimbia. Nakuambia ukweli, alikimbia kwa namna ambayo sijaona tena mtu anakimbia, na wewe mwenyewe sijakuona ukikimbia vile, usikasirike. Aliwaacha wenzake mbali. Akafika kwenye kona ya mwisho, pale uwanja unapopinda kuelekea kwenye utepe, akakaa chini. Hakuanguka. Alikaa, kama mtu aliyefika kivulini. Na mimi nikacheka. Nilidhani ni maringo. Nikasema kwa sauti watu wasikie, mwacheni apumzike, anawasubiri wenzake.

Wenzake wakampita, mmoja mmoja, na yeye amekaa ameshika goti kwa mikono miwili, na mimi bado nina meno nje.

Hiki kipande ndicho ambacho sijawahi kukisimulia ghalani.

Yaliyofuata unayajua. Hospitali wakasema kuna mshipa umekatika ndani ya goti, na kulitengeneza ni mbali na ni shughuli. Tukapelekwa kwa fundi wa mifupa, akafunga vijiti. Likapoa likiwa limekaa vibaya. Siku hizi yuko Nkoma kwa mume wake, analima pamba na wengine, anapalilia amekaa kwenye debe, anasogea na debe lake mstari hadi mstari. Mama mkwe wake ni mtu mwema, alimwambia tangu siku ya kwanza amwamkie ameshika mlango. Ila wageni hawajui. Wageni wanasema huyu mke wa kwa nani hana adabu, anaamkia wazee wima. Yeye haelezi. Anawaacha waseme. Nilikuwepo siku moja nikataka kueleza, akanigusa mkono nisieleze.

Sasa niende kwako, maana hii barua ni yako.

Wewe hukuchaguliwa na mtu. Mwalimu Neema alishahamia mjini, na hata angekuwepo asingekuona. Ulikuwa unakimbia kama mtu anayekwenda kuazima chumvi kwa jirani asiyempenda. Mikono huku, kichwa kule. Dada yako alikuwa bado hajaolewa, anashinda amekaa kwenye jiwe pale nyuma kwenye matuta ya viazi, na wewe unashinda karibu naye kwa sababu nilikutuma umwangalie. Sijui nani alianza. Nilitoka siku moja nikamkuta Kashinje ameshika kijiti cha pamba, na wewe unaruka kutoka bonde hadi bonde katikati ya matuta, ananyoosha kijiti anakugusa kisigino kila ukikitanguliza. Ananyanyua sauti, usikanyage tuta, usikanyage tuta, goti mbele, litazame mbele.

Yalikuwa yale yale ya mwalimu. Maneno yote ya yule binti, ambayo mimi nilidhani yameingia sikio hili yakatoka kwa lile, Kashinje alikuwa ameyaweka.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeshapata na mfano, nilitaka kusema unaruka kama chura aliyeona nyoka. Dada yako akanigeukia. Akasema, "Mama, ukimcheka huyu, mimi sikai tena hapa."

Nikarudi ndani. Na aliolewa mwaka ule ule, sasa sijui niliwahi au sikuwahi.

Akawa anakuja kila baada ya kuvuna, na akija anauliza kwanza, Kabula yuko wapi. Nilikuwa nachungulia dirishani. Alikutwisha ndoo yenye maji nusu ukimbie nayo bila kuishika, mwili usiyumbe. Ulilowa mpaka ukaugua kifua. Alikupa michembe, mmoja kila mkono, ukimbie umeishika bila kuivunja, ili ngumi zako zilegee. Kiazi kikavu, chembamba, ukikikaza tu kinakatika. Iliyokatika aliila yeye. Siku za mwanzo alikuwa anashiba kabisa, hahitaji chakula cha mchana. Halafu siku moja akaniambia, mama nina njaa, leo huyu mtoto hajanilisha. Alisema hivyo akiwa anacheka, na mimi nikaenda kulia jikoni, nikasingizia moshi.

Na ile mbio yako ya kwanza ya kata, utanisamehe, lazima niiandike, maana hata sasa hivi naandika nacheka. Ulikuwa wa tatu. Wa tatu, wewe! Kashinje ameegemea mti, anakutazama. Ukapita pale barabarani ukamwona guku amekaa kwenye baiskeli yake, amekuja kukuangalia. Ukasimama. Ukapiga goti katikati ya mbio. Mwadila guku. Na macho chini kabisa, kama nilivyokufundisha, na wenzako wanakupita kwa vumbi. Babu akachanganyikiwa, na yeye anajua adabu, akapokea kwanza salamu mpaka mwisho, na wazima huko nyumbani, ndiyo akakumbuka akapiga kelele, kimbia wewe! Ulikuwa wa mwisho kasoro mmoja. Na yule mmoja alikuwa ameingia msalani.

Dada yako alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu ile siku ya uwanjani. Babu mwenyewe alikuja jioni, akakaa kwa heshima zote, akatangaza kwamba mjukuu akiwa mbioni, salamu yake imeshapokelewa nyumbani, asisimame tena. Hiyo ndiyo sheria pekee niliyowahi kuona inatungwa hapa bila kikao.

Baadaye ukaanza kushinda. Polepole, kama mtu anayejaza kibaba. Mwalimu Neema akakuona mjini, akauliza nani amemfundisha huyu. Mimi nilikuwa pale, na Kashinje alikuwa nyuma ya watu ameshika fimbo yake. Nikamwangalia kama anaruhusu. Akatikisa kichwa. Mwalimu akamwona mwenyewe. Walisalimiana muda mrefu bila kusema sana. Halafu mwalimu akaniambia jambo ambalo sikulielewa siku ile. Alisema, huyu uwezo wake ni wa kawaida, lakini kila hatua anayokanyaga anaijua.

Mimi nilinuna. Nilisema mtu gani anakuja kusifia kwa kutukana. Leo, hapa juu ya gunia, nadhani nimeelewa, na nakuandikia kabla sijasahau.

Dada yako alipewa. Aliamka asubuhi ana mbio, kama wewe ulivyoamka una pua. Kwa hiyo zilipovunjika hakujua zilikuwa zimejengwaje, hakuna mahali pa kuanzia kurudisha. Nilimwona akijaribu, Kabula, hili halijui mtu. Alfajiri, nyuma ya zizi, anajaribu kukimbia kama zamani, anaanguka, anajaribu. Alikuwa anazitafuta kama mtu anayetafuta kitu ambacho hakuwahi kukiweka yeye. Lakini wewe za kwako umezijenga tuta kwa tuta, na ndoo, na michembe. Unajua ulianzia wapi. Goti lako likipumzishwa likapona, unarudi pale kwenye matuta unaanza tena kwenye hatua fupi, na miguu itakumbuka, maana ilifundishwa. Za kwako zinaweza kusubiri. Mimi sijui mambo ya riadha, najua mandazi, lakini mtu anayejua kukanda unga hata donge likiharibika anakanda lingine. Aliyeokota andazi barabarani akila limekwisha.

Umeniambia mwalimu atachukua mwingine. Inawezekana. Sikudanganyi. Huenda basi la kesho likaondoka bila wewe, na mwakani asikuite, na ukakaa hapa unanitazama na yale macho. Huenda ukaniona mimi ndiye niliyekukatia. Nimelifikiria hilo huku mchele unachemka, nikaona litanichoma kila siku. Maana wewe ukikasirika hupigi kelele, unafanana na baba yako, unakuwa mpole, na upole wenu unaniua kuliko matusi.

Lakini nikuambie kitu alichoniambia dada yako, ndiyo nimalize. Mwaka huu nilikwenda Nkoma kumsaidia kuchambua. Tumekaa kwenye pamba, mimi naongea, mke wa mwenye mashine, wigi, nani amehama. Yeye anachambua. Nikaishiwa. Si unajua mimi siishiwi, siku ile niliishiwa. Nikamuuliza kitu ambacho sijawahi kukiuliza, kwamba siku ile namkanda goti alikuwa ananiangalia nini.

Hakuacha kuchambua. Akasema, "Nilikuwa nasubiri useme. Nilijua mama yangu hawezi kulala na neno. Ndiyo maana mimi sikusema."

Akasema hivyo tu, akanisogezea lundo lingine.

Mwanangu, maneno yote niliyosema tangu nizaliwe, ya bombani, ya ghalani, ya msibani, hakuna mtu aliyekuwa anayahitaji. Aliyehitaji alikuwa mmoja, na alihitaji sentensi moja, na aliniamini nitaisema kwa sababu ya ule ule mdomo niliowekewa kikao. Na siku hiyo ndiyo nilichagua kuwa mtu mwenye staha.

Kwa hiyo leo uliponiambia nyamaza, niliona kama neno hilo nimeshalisikia moyoni mwangu siku ile, ila safari hii limesemwa kwa sauti.

Nimempigia Mwalimu Neema. Nimempigia kabla sijashika kalamu, simu imeita mpaka ikakatika. Na nikafurahi. Nakuambia ukweli, nilisikia mwili mzima umepoa, nikasema basi Mungu hataki, nitamwandikia mtoto barua, nitaiweka chini kabisa ya begi, ataikuta huko. Nimeandika kurasa zote hizi nikijiambia hivyo. Sasa nimefika hapa naona barua utaisoma ukiwa umeshashuka kwenye basi, umeshavaa viatu, umeshaanza kukimbia na hilo goti. Barua nayo ni kunyamaza, ni vile tu ina maneno mengi, kama mimi.

Ni vizuri tu simu yangu ina chaji. Nitajaribu tena, halafu nitakuja nikusuke, na huku nakusuka nitakuambia nimefanya nini, kabla hujaambiwa na mtu mwingine. Na Kashinje nimemwomba aje kesho na basi la Nkoma, si kukuaga, ni kuliona hilo goti, maana yeye ndiye

Unaniita. Unasema mwalimu yuko uani, amekuta nilimpigia, na amekuja mwenyewe.

Umeita mara moja tu, na hujauliza nilimpigia kwa nini. Nakuja.